Kabla hujalipia masta ya ugavi ya mdogo wako

Kuna ujumbe mmoja ambao siku hizi unasafiri sana kutoka nyumbani kuja Muscat, Doha, Riyadh na Dubai. Unaanza na salamu ndefu, unauliza afya, unakuombea dua, halafu unafika penyewe: "Dada, nimepata nafasi ya masta." Na mara nyingi ni masta ya ununuzi na ugavi, au ya lojistiki, au ya mnyororo wa ugavi. Majina mengi, mti mmoja. Awamu ya kwanza ya ada inatakiwa kabla ya mwezi kuisha, na wewe mshahara wenyewe hujauona.

Sisi tunaoandika hapa ni wahasibu. Kazi yetu ni kuuliza pesa inatoka wapi, inakwenda wapi na inarudi lini. Kwa hiyo msimamo wetu tunautoa mapema, asiye na muda wa kusoma hadi mwisho aondoke nao: kama mdogo wako kamaliza shahada ya kwanza juzi na hajawahi kufanya kazi, usimlipie masta ya ugavi sasa hivi. Lipia mitihani na usajili wa bodi ya taaluma yake. Lipia nauli na chakula cha mchana akajifunze kazi kwa miezi kadhaa. Masta isubiri miaka miwili au mitatu. Hatusemi elimu haifai. Tunasema mpangilio wa malipo umekaa kichwa chini miguu juu.

Tunaelewa kwa nini fani hii inapendwa. Mtu akitazama nyumbani anaona bandari na reli kila kwenye taarifa ya habari. Mwaka 2017 treni ya kisasa ilianza kati ya Mombasa na Nairobi. Lamu walifungua gati la kwanza 2021. Oktoba 2023 Tanzania ikasaini na DP World ya Dubai mkataba wa miaka 30 kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, na 2024 SGR ikaanza kubeba abiria kutoka Dar mpaka Dodoma. Kijana anajiambia: mizigo inaongezeka, kwa hiyo kazi zinaongezeka, kwa hiyo nikisoma zaidi nitapata. Mawili ya mwanzo yana ukweli ndani yake. Hilo la tatu ndilo linalotuleta hapa.

Tuanze na hesabu, maana ujumbe ule huwa hauna hesabu, una dua tu.

Chukua dada anayelipwa riali 90 za Oman kwa mwezi. Hiyo ni namba ya mfano, weka ya kwako. Chakula na malazi viko kwa mwajiri. Anabakisha 30 za vocha, sabuni, dawa na kile kidogo cha mama, anaweka 60. Mkataba wa miaka miwili ni miezi 24. 60 mara 24 ni riali 1,440. Riali ya Oman imefungwa na dola kwa kiwango kile kile tangu 1986, riali moja kwa dola 2.60 hivi, kwa hiyo mkononi ana kama dola 3,744. Sasa njoo upande wa pili. Ada ya masta, chumba cha kupanga karibu na chuo, chakula, kompyuta, kuchapisha, na safari za kukusanya data ya tasnifu. Tukiyajumlisha yote hayo kuwa dola 3,700 hatujaweka senti ya anasa ndani yake.

Maana yake nini? Mkataba mzima wa dada, kila Ijumaa aliyofanya kazi, kila Idi aliyoipitisha jikoni kwa watu, unageuka karatasi moja yenye jina la mtu mwingine. Hana kiwanja. Hana akiba ya siku ile madam atakaposema kesho unaondoka.

Karatasi ikileta kazi, sawa, hatuna neno. Lakini tumeona inavyokwenda isipoleta. Kijana ana miaka 26, ana masta, hana hata miezi sita ya kazi. Mwajiri anamwogopa: huyu atataka mshahara wa meneja na hajui hata kupokea mzigo. Na kijana mwenyewe sasa anaona haya kuomba kazi ya stoo, ile ambayo angeichukua kwa mikono miwili mwaka mmoja kabla. Masta imemfungia mlango wa chini kabla ya kumfungulia wa juu.

Hebu tuiangalie masta yenyewe, tusiisemee pembeni. Vyuo vinavyoitoa ni vya kweli na vina heshima zao. Mzumbe wana masta ya ununuzi na usimamizi wa mnyororo wa ugavi. Kenya, JKUAT wana ya ununuzi na lojistiki, na vipo vingine. Masomo si ya mchezo. Kuna kukadiria mahitaji, kupanga kiasi cha kuweka stoo, kuchagua mgavi na kumpima, mikataba, sheria za manunuzi ya umma, njia za usafirishaji na gharama zake, kisha tasnifu. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo inafundishwa kwa mtu anayedhaniwa ameshaona stoo, ameshagombana na dereva wa lori, ameshasubiri mzigo usiofika.

Wewe kaka uliyeko saiti unalijua hili kuliko wengi wanaolisoma. Unajua saruji ikikaa stoo miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu, ndiyo maana mfuko uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka. Unajua wakiagiza kidogo zege linasimama katikati na watu 40 wanakaa kivulini wakilipwa. Wakiagiza nyingi mno, mvua au unyevu unazigandisha, pesa imekuwa jiwe. Kati ya hayo mawili kuna kiasi kinachofaa, na darasani kiasi hicho kina fomula. Aliyeona zege likisimama saa saba mchana kwa sababu lori limekwama, fomula ile inamwingia mara moja kichwani. Ambaye hajaona anaikariri mpaka siku ya mtihani, halafu basi.

Na dada wa nyumbani, mwezi wa Shaabani hujasubiri kuambiwa. Unafungua makabati, unahesabu mchele, unga, mafuta, unajua wageni wa kufuturu watakuwa wangapi kwa kuangalia mwaka jana, unampa madam orodha kabla bei hazijapanda na maduka hayajajaa. Hatusemi hivi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kukadiria mahitaji ni huko huko, tofauti ni ukubwa wa ghala na kwamba mwenye masta ataandika ripoti yake.

Twende bandarini, maana huko ndiko pesa inakomwagika. Meli imeshusha kontena. Mwenye mzigo anapewa siku kadhaa za bure. Zikipita, kila siku ina tozo, na tozo zenyewe ni mbili: bandari inadai kwa sababu kontena limekaa kwao, na wenye meli wanadai kwa sababu kontena lao halijarudi. Kinachochelewesha mara nyingi ni kitu kidogo tu. Uzito ulioandikwa kwenye orodha ya mzigo hauendani na wa kwenye hati ya meli. Kibali cha shirika la viwango hakijaombwa mapema. Jina la mpokeaji lina herufi moja imekosewa. Wakala anayeyajua haya anakuokolea mamilioni kwa simu tatu. Wale mliowahi kutuma kago nyumbani, lile boksi kubwa la mablanketi na vyombo likakaa wiki sita bila kuonekana, mnajua tunachokisema. Siku ile hukumuuliza mtu wa kago ana shahada ngapi. Ulimuuliza mzigo wangu uko wapi.

Ujuzi huo unapatikana kwa kufanya, na una karatasi zake, na karatasi hizo ni za bei nafuu kuliko masta. Hapa ndipo tunapotaka ukae kidogo.

Tanzania, kazi ya ununuzi na ugavi ina bodi yake, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, wengi wanaiita PSPTB, iliyoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 2007. Sheria hiyo inataka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa. Ina mitihani yake, na anayefika mwisho anaitwa CPSP. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka huo huo wa 2007 na taasisi ya KISM, na mtu wa ugavi anatakiwa awe na leseni. Sasa soma matangazo ya kazi za ofisa ugavi, siyo tangazo la chuo, tangazo la kazi. Utaona wanataka shahada au diploma, usajili wa bodi, na miaka kadhaa ya uzoefu. Masta ikitajwa, mara nyingi imeandikwa kuwa itakuwa ni faida ya ziada, au ni ya nafasi ya mkurugenzi.

Sisi watu wa hesabu hatushangai. Tulisoma shahada ya biashara, na tunajua ofisi inavyomwangalia mwenye shahada tupu na mwenye CPA. Mtu anaweza kuwa na masta ya fedha kutoka popote, lakini pale inapotakiwa saini kwenye hesabu zilizokaguliwa, wanaulizwa wenye CPA. Bodi ndiyo inayompa mtu ruhusa ya kufanya kazi. Chuo kinampa elimu. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, lipia ruhusa kwanza.

Kijana anayetaka upande wa forodha na klirensi ana njia fupi zaidi. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, kimetengenezwa na shirikisho la mawakala wa mizigo, FEAFFA, pamoja na mamlaka za mapato za nchi zetu. Tanzania kinafundishwa Chuo cha Kodi, Kenya kiko KESRA, na kinatambulika pia Uganda, Rwanda na Burundi. Ni kozi ya miezi. Watu wa klirensi wanakijua na ndicho wanachokiulizia. Na kwa anayelenga taasisi za serikali Tanzania, ajifunze mfumo wa NeST, ule wa manunuzi kwa mtandao uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Hakuna zabuni ya umma inayopita pembeni yake kirahisi siku hizi, na bado wapo wahitimu wanaousikia kwa jina tu.

Halafu kuna lile tulilolitaja mwanzo: nauli. Hili watu hulicheka. Mtu anatuma dola 1,000 ya ada bila kuuliza, lakini akiambiwa tuma kidogo kila mwezi kwa miezi sita mdogo wako akajitolee kwenye kampuni ya klirensi Kurasini au kwenye ghala Mombasa, anasema "afanye kazi bure kwa sababu gani?" Kwa sababu huko ndiko atakakoonekana. Meneja wa ghala haajiri karatasi asiyoijua wakati pembeni yake kuna kijana aliyekuwa anahesabu mzigo naye saa kumi na moja alfajiri tangu Machi. Nauli ya daladala, wali maharage mchana, buti za usalama, vocha kidogo. Kwa hesabu ya dada yetu wa riali 90, miezi sita ya hayo yote pamoja na ada ya mtihani wa bodi haitafika robo ya masta. Na miezi sita ikiisha bila kazi, umejua mapema, kwa hasara ndogo.

Tuseme ukweli pia upande wa pili, maana mdogo wako si mjinga na atakujibu.

Atasema shahada ya kwanza kila mtu anayo. Kweli. Lakini vijana wenzake nao wamesikia hivyo hivyo na wamekimbilia masta ile ile, kwa hiyo baada ya miaka miwili masta nayo kila mtu atakuwa nayo. Kinachobaki kuwa adimu ni mtu mwenye usajili na mikono iliyoshika kazi.

Atasema anataka kufundisha chuoni. Hapo tunanyamaza. Kufundisha kunadai masta, na kama alama zake za shahada ni za juu kweli kweli, hiyo ni njia halali, tena ya heshima. Mwambie tu akutumie picha ya matokeo yake, siyo ya barua ya kukubaliwa. Barua ya kukubaliwa inaonyesha chuo kinataka ada.

Atasema yuko kazini tayari, ana miaka minne stoo ya hospitali au ya halmashauri, na amefika mahali hapandi bila masta. Huyo ndiye masta ilitengenezwa kwa ajili yake. Lakini huyo ana mshahara! Basi alipe nusu. Tena vyuo vingi vina masomo ya jioni na wikiendi kwa watu wa aina hii, na waajiri wengine huchangia. Mtu aliyeko kazini akikataa kutoa hata shilingi yake kwenye masta yake, tunajiuliza mwenyewe anaiamini kiasi gani.

Mama atapiga simu. Atasema "mwanangu, elimu ndio urithi." Kwa mama hatuna fomula. Tunachoshauri ni umwambie kwamba unasomesha, hujakataa, isipokuwa unaanza na mitihani ya bodi. Ni kweli na anaweza kuwaambia majirani.

Ukishaamua kulipa, chochote kile, bodi au chuo, pesa isipite mfukoni mwa mtu. Vyuo vya umma na bodi za Tanzania hutoa namba ya malipo ya serikali, ile kontrolo namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Mwambie akutumie picha ya ankara yenye jina lake na namba hiyo, ilipwe, akutumie stakabadhi. Kwa vyuo vya Kenya ni akaunti ya chuo yenye namba yake ya usajili. Lipa muhula kwa muhula, na muhula wa pili usitoke kabla hujaona matokeo ya wa kwanza. Ataona kama unamchunguza. Ndiyo, unamchunguza, kama vile bosi wako anavyohesabu siku zako. Na andikeni kitu, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari uliopigwa picha: nimelipa kiasi hiki, utakapopata kazi utamlipia mdogo wetu anayefuata, au utaweka kiasi hiki kila mwezi kwenye kiwanja changu. Familia nyingi zinasema deni la ndugu haliandikwi. Sisi tunasema lisiloandikwa ndilo linalogombanisha ndugu msibani.

Sasa hawa mawakala wa masta za nje na za mtandaoni. Tutapita haraka ila msikilize.

Uingereza masta nyingi ni za mwaka mmoja, na chuo kama Cranfield kina jina kubwa kwenye fani hii. Lakini wakala akikuambia "akimaliza atapata kazi, atawavuta wote," muulize maswali haya. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida ya darasani haruhusiwi kuja na mume, mke au watoto. Wakati wa muhula anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki. Ada ya matibabu ya uhamiaji ni pauni 776 kwa mwaka, inalipwa kabla hajapanda ndege. Viza ya baada ya kuhitimu ni ya miaka 2, na kwa wanaoomba kuanzia 1 Januari 2027 ni miezi 18. Juu ya yote, pato lako limefungwa na dola, ada yake iko kwa pauni. Pauni ikipanda katikati ya mwaka, wewe ndiye utakayeziba pengo.

Za mtandaoni, angalia utambulisho kwanza. Tanzania uliza TCU, Kenya uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kabla ya senti ya kwanza. Mei 2015 gazeti la New York Times lilichapisha habari za kampuni ya Axact ya Karachi, likieleza jinsi ilivyoendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo. Baadhi ya waliolipa walikuwa wanafanya kazi huku huku Ghuba, na baadhi yao walipigiwa simu baadaye na watu waliojifanya maofisa, wakatishwa ili walipe zaidi. Chuo kinachokupa masta kwa "uzoefu wa maisha" bila mtihani, kinachokupigia simu chenyewe na kushusha bei kila ukisita, kimbia.

Cha kweli na cha bei ndogo kipo pia. MIT ya Marekani ina masomo ya mnyororo wa ugavi kwenye mtandao wa edX, yanaitwa MicroMasters: kozi 5 na mtihani mmoja wa mwisho. Kufuata masomo bila kudai cheti ni bure, unalipa ukitaka cheti. Ni Kiingereza na kuna hesabu nyingi, hatukudanganyi. Lakini ni kipimo kizuri cha mdogo wako. Mwambie amalize kozi ya kwanza tu, bila malipo, kisha mzungumze habari za ada. Akishindwa kumaliza kitu cha bure, umepata jibu na hukutoa hata riali.

Tumalizie na wewe mwenyewe, maana tumezungumza ukurasa mzima kana kwamba msomi ni yule aliyebaki nyumbani na wewe ni benki yake.

Kaka wa saiti, kila mradi mkubwa una stoo, na stoo ina mtu. Mara nyingi mtu huyo alianza kama kibarua aliyejua kusoma lebo na kuandika namba bila kukosea. Mwombe fomeni akupeleke kusaidia siku za kupokea mzigo. Jifunze daftari la kuingia na kutoka, jifunze kujaza jedwali kwenye kompyuta. Kampuni ikitoa mafunzo ya foklifti, jiandikishe wa kwanza. Taasisi ya CIPS ya Uingereza, inayojulikana sana Ghuba na Afrika Mashariki, ina ngazi za chini zisizodai shahada. Pesa ile ya muhula mmoja wa masta ya mdogo wako inaweza kuanza kukulipia wewe. Dada, kwako ni vigumu zaidi, hatufichi. Muda si wako, na kubadilisha kazi bila ridhaa ya mwajiri kunaweza kukuletea matatizo makubwa ya kisheria. Lakini wapo wanaorudi na kufungua duka la jumla au kupokea kago za wenzao, na hao wanahitaji kujua hati za mzigo na ushuru kuliko nadharia yoyote. Kozi fupi ya forodha utakaporudi weka kwenye bajeti yako, kwa jina lako.

Na jambo moja dogo lenye uzito. Ikama yako imeandikwa kibarua, hata kama umeshika stoo miaka mitatu. Nyumbani hakuna atakayejua. Omba barua ya utumishi yenye cheo cha kazi uliyofanya kweli, tarehe, muhuri wa kampuni na namba ya simu ya ofisi, na nakala yake ijitumie kwenye barua pepe yako. Iombe miezi miwili kabla ya mkataba kwisha, wakati fomeni bado anakuhitaji na kabla hujasaini karatasi za mwisho.